Mwenyeji Aingie Mwisho

Mpaka leo nikimwona mtu anamimina samaki wageni ndani ya tangi bila kuuliza wanakula nini na wanalala wapi, damu inanichemka. Juzijuzi niliingia duka moja Morogoro mjini nikamkuta muuzaji anamfungia mteja samaki kwenye mfuko wa nailoni, mwekundu, wa bluu na wa milia, wote mfuko mmoja, huku akisema, "Chukua hawa, mama, wanapendezana." Wanapendezana! Nani amewauliza? Nilisema hivyohivyo, kwa sauti, mbele ya wateja, na yule mama akashika pochi yake akatoka. Muuzaji akaniuliza mimi ni nani hata nimharibie biashara. Ningemjibu ingenibidi nimsimulie habari za Hakimu, na habari za Hakimu mtu hazisimulii akiwa amesimama dukani.

Nilikuwa karani wake pale mahakama ya mwanzo, Kilosa, tangu nikiwa msichana wa kusuka twende kilioni mpaka nilipoanza kuitwa mama na watu nisiowajua. Jina analo. Lakini kila mtu alimwita Hakimu, kanisani, sokoni, stesheni, hata alipokwisha kustaafu. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wenye ukoo. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na mengi kati ya hayo yaliniudhi.

Sebuleni kwake, katika nyumba ya serikali nyuma ya mahakama, palikuwa na tangi la kioo refu kama benchi la mashahidi. Vioo vilikatwa na fundi wa madirisha, vikagandishwa, vikavuja, vikagandishwa upya. Ndani yake aliishi samaki mmoja tu, wa Kigoma. Shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi reli ndiye aliyemleta, safari nzima ya treni, ndani ya ndoo yenye mfuniko, akiifungua kila stesheni na kuyachota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu ili yapate hewa. Samaki mwenyewe ni wa ukoo wa perege, lakini si perege. Alikuwa wa kahawia iliyokolea, mwenye milia myeusi, na meno madogo yaliyochungulia nje hata akifunga mdomo. Alikuwa na pango lake katikati ya mawe, na mbele ya pango alikuwa na kiwanja cha mchanga alichokifagia kwa mdomo kila asubuhi, changarawe moja baada ya nyingine. Ukiweka kidole kwenye kioo, anakuja kukipiga.

Mjini walimwita Mfungwa. "Mheshimiwa, Mfungwa wako hajambo?" walimtania sokoni, nao walicheka wenyewe.

"Mfungwa kakosa nini?" Hakimu aliwajibu, tena kwa hasira za kweli. "Yule ni mwenyeji. Ana mlango wake, ana uwanja wake. Wewe unao?"

Nami niliona aibu kwa niaba yake, maana mishahara ya watumishi siku zile ilikuwa inaishia njiani, na huku mtu mzima anamlisha samaki kiini cha yai. Hakimu huyohuyo alikuwa bahili wa sukari. Ukimtembelea anakutilia kijiko kimoja cha kusawazisha, halafu anafunika bakuli na kulisogeza upande wake wa meza. Lakini yai la kumlisha samaki halikukosekana. Dagaa walisagwa. Nyungunyungu walichimbwa, na aliyewachimba mara nyingi ni yeye mwenyewe, na shati lake jeupe la mahakamani, amechutama nyuma ya choo.

Maji nayo yalikuwa na sheria zake. Ya mto Mkondoa aliyakataa katakata, akisema ni laini mno na yana tope la watu wote wa milimani. Alitaka maji ya kisima fulani ambayo sisi wengine tuliyachukia kwa sababu yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kabla hajaamini maji ya mtu yeyote, aliomba kwanza kuona birika lake. Nimewahi kumwona akiinama jikoni kwa Mchungaji, anachungulia ndani ya birika, mke wa Mchungaji amesimama nyuma yake hajui kama amekaguliwa usafi au vipi. Ziwa la kule Kigoma maji yake ni magumu hivyohivyo, alisema, na samaki aliyezaliwa ndani yake ukimtia kwenye maji laini unamlegeza mifupa.

Ruksa ya kuingiza bidhaa ilipofika na maduka kuanza kujaa vitu, Hakimu aliagiza Dar es Salaam kimashine cha kupulizia hewa. Watu waliagiza redio, waliagiza viatu na mashuka. Yeye aliagiza mapovu. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, alisimama na sufuria akichota na kumimina, akichota na kumimina, na mimi nimeshapeleka majalada nyumbani kwake nikapokewa kwa kukabidhiwa sufuria.

Sasa, kilichomkosesha raha ni kwamba samaki yule alikuwa peke yake. "Amepooza," aliniambia. "Hafagii tena kwa moyo." Mkewe Hakimu alikuwa amefariki muda mrefu, binti yake wa pekee alikuwa ameshapata kazi kiwandani Morogoro na kuolewa hukohuko, na nyumba ile kubwa usiposikia mapovu husikii kitu. Mimi nilielewa ni nani aliyepooza. Lakini Hakimu hakuwa mtu wa kusema neno kama hilo juu ya nafsi yake, kwa hiyo tulimtafutia mwenzi samaki.

Alianza na perege mdogo wa Mkondoa, kwa hoja kwamba ni ndugu. Perege hakuifikia jioni. "Ni kosa langu," alisema Hakimu, amemshika mkononi. "Nimemletea mtu mwenye sura yake na chakula chake. Anayefanana nawe ndiye anayekutaka nyumba." Akaja kambale, mdogo kama kidole, mpole, anayejilaza pembeni na kupisha kila mtu. Hakimu alimsifu mpaka nikachoka. Kambale akala, akanenepa, akazidi kunenepa, na asubuhi moja tukamkuta amefungua kinywa anampima mwenyeji. Hakimu aliniambia nimtoe nimpeleke mbali. Nilimpeleka nyumbani kwangu nikampika kwa nazi. Alipojua aliacha kunisalimia siku kadhaa, lakini mwisho aliniuliza kama alikuwa mtamu.

Kisha mfanyabiashara mmoja akamletea kutoka Dar samaki wa dhahabu, mwenye mkia wa kupepea kama khanga. Hakimu alimtazama tu mfukoni, hata hakumfungua. "Huyu ni wa maji mengine, ana mwendo wa bibi harusi, na mkia wake unavuta macho. Nimtie humu ili iweje? Ili kesho nimhukumu mwenye meno?" Mfanyabiashara alinuna akaondoka na samaki wake. Hapo ndipo nilipoisikia kwanza kauli ambayo baadaye niliisikia hadi nikaiota: usimlaumu mwenye meno, mlaumu aliyewakutanisha.

Mwenzi aliyefaa alipatikana Kidodi. Hakimu alikuwa amekwenda kule kwa shauri la mipaka ya mashamba ya miwa, akamwona mvuvi wa Ruaha anatupa ngogo, yule samaki mwenye masharubu na miiba mikali ubavuni, kwa sababu wanunuzi hawampendi, anachoma. Hakimu akasimama palepale akamhoji mvuvi maswali. Anakula saa ngapi? Giza likianza. Anakaa wapi? Chini kabisa, kwenye nyufa, tumbo juu. Akishambuliwa? Anasimamisha miiba, anatulia. Hakimu akarudi na ngogo wake kwenye debe, amelipakata ndani ya gari la serikali, suruali imelowa, uso unang'aa.

"Karani, andika," alisema, neno alilolitumia mahakamani kila alipotaka kutoa uamuzi, na kwa mazoea alilitumia hata kuomba chumvi. "Wenzi wasifanane sura, wasile saa moja, wasitumie mlango mmoja. Ukipata hayo matatu, mapenzi yatajijua yenyewe."

Lakini hakumtia ngogo ndani vivi hivi. Hapa ndipo ningependa wale wauza samaki wa mjini wangekuwepo waone aibu. Alimtoa kwanza mwenyeji, akamweka kwenye beseni aliloshikiwa na binti yake, aliyekuwa amekuja likizo. Kisha akatoa mawe yote. Lile pango lililopendwa akalivunja, uwanja uliofagiliwa akautibua, akapanga mawe upya kabisa, kushoto kulia, juu chini, hata mimi niliyezoea kulitazama lile tangi sikulitambua. Halafu akamtia mgeni. Akamwacha azunguke, apapase, achague ufa wake. Mwishoni kabisa ndipo akamrudisha mwenyeji.

"Ukimwacha mwenye nyumba ndani na mawe yake palepale, mgeni atakuwa mwizi tangu dakika ya kwanza," alinieleza. "Hata akitulia ni mwizi aliyetulia. Pindua mawe, wote wawe wageni. Na mwenyeji aingie mwisho, akute mwenzake ameshakaa."

Mwenyeji aliingia kwa hasira, akatafuta pango lake, hakulikuta, akazunguka akiwa amechanganyikiwa. Akakutana na ngogo. Ngogo akasimamisha miiba, akatulia. Tulisimama pale, hakimu, binti yake na karani wake, tumeshika pumzi. Mwenyeji akageuka akaenda kutafuta mahali pa kuanza kufagia.

Usidhani ni mambo ya samaki tu. Mahakamani kwetu mtu akija na ugomvi alizoea kuulizwa nani alianza. Hakimu swali hilo hakulipenda, na washauri wa mahakama lilipowatoka aliwatazama mpaka wakainama. Yeye aliuliza watu wanapita wapi na wanakula wapi. Walikuja wake wa ndugu wawili, wanaishi uani pamoja, wamepigana kwa miiko hadi mmoja kupasuliwa paji la uso. Mkubwa alisema jiko ni lake, ndiye aliyelikuta. Mdogo alisema amekaa miaka mitatu anaazima moto nyumbani kwa mumewe. Hakimu alisikiliza, akamtoza faini aliyepasua mwenzake, watu wakadhani kwisha. Kisha akawaita waume zao mbele.

"Mlipomleta huyu wa pili mlijenga nini?"

"Hatukujenga kitu, Mheshimiwa. Jiko lilikuwepo."

"Basi mkalibomoe jiko. Mjenge mawili, upande mwingine wa uwanja, milango isitazamane. Huyu mdogo achague kwanza."

Ukumbi ulicheka. Mmoja wa waume alisema hiyo si sheria. "Ni kweli, si sheria," Hakimu alikiri. "Sheria ni kifungo cha miezi sita. Chagueni." Walijenga. Niliwakuta baadaye mnadani wale wanawake, wanagawana upande wa kitenge. Na zilipofika kesi za kutoka Msowero, ng'ombe wameingia kwenye mahindi, mwenye shamba analia na mfugaji ameketi anashangaa anaulizwa nini, Hakimu aliwasikiliza wote wawili kwa heshima ileile, halafu hasira zake zote akazielekeza kwa mtu ambaye hakuwepo, yule aliyechora njia ya ng'ombe kwenda majini na mashamba juu ya karatasi moja, akala posho yake, akaondoka.

Ndiyo maana siwezi kumsamehe kwa jambo la binti yake.

Kile kiwanda cha Morogoro kilikuwa cha umma. Kikatangazwa kina hasara, kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Neno zuri kweli hilo, kupunguzwa, utadhani ni nywele. Mume wa binti alikuwa ameshakwenda kutafuta madini na hakutuma hata salamu. Akabaki na watoto wawili, cherehani, na kabati la vyombo la vioo alilolipata harusini. Akarudi kwa baba yake. Angekwenda wapi? Naijua siku ile kwa sababu nilikuwepo, nimepeleka majalada, nipo jikoni najichemshia chai kwa sukari ya kuibia.

Binti alisimama mlangoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika gauni. Akasema hodi. Kwetu mtu akisema hodi kuna neno moja tu la kumjibu, hata kama hujapika, hata kama unamdai. Hakimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aliinua macho, akamtazama miguuni.

"Viatu," alisema.

Basi. Hilo ndilo neno alilompokea nalo mwanawe. Na binti, yaani nikikumbuka nachanganyikiwa, aliinama akavua, akawavua na watoto, ndipo akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakuna jiwe lililopinduliwa katika nyumba ile. Kiti chake kilibaki dirishani penye mwanga. Binti aliomba, kwa adabu zote, kisogezwe kidogo tu ili cherehani ipate mwanga, kwani ushonaji ndio ulikuwa riziki yake sasa. "Kiti hakihami," alijibiwa. Cherehani ikapelekwa barazani kwa sababu eti kelele zake zilimshtua samaki. Kabati nalo likabaki barazani, mvua za masika zikalikuta hukohuko, mbao zikavimba, milango ikagoma kufungika. Watoto walikatazwa kukimbia, kugusa tangi, na kukaa kwenye kiti. Redio ikiwashwa kwa taarifa ya habari, nyumba nzima inyamaze. Wote wanakula meza moja, saa moja, wanapita mlango mmoja, na wamefanana, Mungu nisamehe, yule binti alikuwa Hakimu mtupu, paji lake, kidevu chake, na ubishi wake.

Na binti alikuwa anaijua kanuni! Ndiye aliyemshikia baba yake beseni wakati wa kupindua mawe. Niliwahi kumwona anamtazama baba yake kwa namna ya kumngoja akumbuke. Hakukumbuka. Au alikumbuka, ndiyo mbaya zaidi.

Masika yalipokwisha binti alifunga virago. Alikwenda Mikumi, pale barabara kuu inapopita, akafungua kibanda cha chai na maandazi kwa madereva wa malori. Hakimu aliwaambia watu, "Binti yangu mkali mno. Ana meno, huyo." Aliyasema hayo mbele yangu, midomo ileile. Nilifunga kalamu yangu nikaondoka. Ningesema nini? Yeye ni Mheshimiwa na mimi ni karani, na mkubwa kwetu hafundishwi. Lakini nilikasirika hadi nikapata homa.

Alipostaafu ilibidi aiache nyumba ya serikali. Aliyojijengea ng'ambo ya reli ilikuwa ya vyumba viwili, na tangi halikupita mlangoni, walijaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa kulisimamisha. Wakati huo kulikuwa na hoteli moja Mikumi iliyokuwa ya umma, nayo imepata mwekezaji. Meneja wake mpya alikuwa anatafuta kitu cha kupokelea watalii wanaokwenda mbugani. Akasikia habari za tangi, akatuma gari. Hakimu alitoa tangi, mwenyeji, ngogo na mawe yote, bure, kwa sharti moja tu: wasiongezwe wengine bila yeye kuitwa. Meneja alitikisa kichwa sana. Watu wanaotikisa kichwa sana siku zote nawaogopa.

Haukupita muda meneja akapiga simu mahakamani. Nilipokea mimi. "Mwambie mzee wako aje achukue samaki wake, ni muuaji."

Tulikwenda kwa basi. Sikutumwa, nilijituma. Pale mapokezi tulikuta mawe yametolewa yote, kwa kuwa yaliziba watalii wasione vizuri. Chini wamemwaga kokoto nyeupe za mapambo, na katikati wamesimamisha ngome ndogo ya plastiki. Walikuwa wamemimina humo samaki wa rangi kutoka Dar, wa dhahabu, wa bluu, wenye mikia, siku moja, wote pamoja, na mwenyeji yumo ndani. Waliobaki hai walielea kwenye kona ya juu, mikia imeliwa. Mwenyeji alikuwa anazunguka katikati ya zile kokoto nyeupe, hana ufa wa kuingia, anapiga kila kinachopita, naye ubavu umechubuka. Ngogo hatukumwona mpaka meneja alipoinua ile ngome. Alikuwa amejibana ndani yake, tumbo juu.

"Unaona, mzee," alisema meneja. "Samaki wako ni mkorofi. Wale wenzake ni wapole, wamemkosea nini?"

Sijawahi kumwona Hakimu amekasirika vile, hata siku aliyorushiwa kiatu mahakamani. "Ulimwondolea nyumba," alisema. "Ukamletea watu wa maji mengine. Hukumpa mahali pa kujificha, hukuwapa wao mahali pa kukimbilia. Uliwapanga kwa rangi! Kisha unaniita mimi nije nione meno. Mwenye meno hana kesi hapa. Kesi ni ya aliyewakutanisha!"

Wahudumu waliacha kazi wakasikiliza. Nami nilikuwa upande wake kwa moyo wote, kila neno, mpaka alipotamka hilo la mwisho.

Nilingoja tutoke. Alikuwa ameibeba ndoo mwenyewe, mwenyeji na ngogo ndani. Kutoka pale kwenye lango la hoteli unaiona barabara kuu, na ng'ambo ya barabara vibanda vya chai, na mbele ya kimojawapo mwanamke amefunga kitambaa kichwani, anageuza maandazi. Hakimu alimwona. Najua alimwona, kwa sababu aligeuza uso upande wa pili haraka mno.

"Mheshimiwa," nilisema, "na yule pale, aliyewakutanisha ni nani?"

"Karani, wewe si shahidi wa jambo hilo."

"Ni shahidi. Nilikuwa jikoni. Nilisikia hodi na nilisikia jibu lake."

Basi likaja, tukapanda. Mpaka Kilosa ndoo ilikuwa magotini kwake, na kwenye kila shimo la barabara aliizungushia mikono. Mwenyeji hakuishi sana baada ya hapo, alifia kwenye beseni. Ngogo, Hakimu alimpeleka Kidodi akamrudisha mtoni. Mimi na yeye tulibaki na salamu tu, shikamoo, marahaba, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Halafu akapooza upande. Siyo kule kupooza kwa kusema samaki amepooza, huku kulikuwa kwa kweli, mkono na mguu wa kushoto. Majirani walimpikia kwa zamu wakachoka. Binti yake ndiye aliyenitumia ujumbe kutoka Mikumi, kwa dereva wa lori: naomba umfungie vitu vyake uje naye, nyumba yangu imekwisha kuezekwa. Nilikwenda kumwambia Hakimu. Alisema, kwa ulimi mzito, "Atanipokea?" Nilitaka kumjibu vibaya. Nilimfungia nguo zake.

Tulikodi gari dogo la mizigo. Yeye mbele na dereva na mimi nyuma, nimeshikilia kile kiti. Ndiyo, kiti kilekile. Alikataa kuondoka bila hicho, na njia nzima kilinigonga mbavu.

Tulipoikaribia nyumba ya binti niliona vitu vyote viko nje uani. Vitanda, magodoro, masufuria, meza, cherehani, hata pazia limekunjwa juu ya ndoo. Lile kabati lililovimba nalo lipo, limefungwa kwa kamba. Majirani wamesimama barabarani wananong'ona, na mmoja akaniuliza kama ni mambo ya kodi. Wajukuu wawili, sasa wakubwa, wamekaa juu ya godoro. Binti yuko katikati ya vyombo vyake, amejifunga khanga kiunoni.

Hakimu alishushwa. Aliegemea fimbo, akatazama. Hasira ya zamani ikamrudia usoni, nami, nisiseme uongo, nilifurahi kuiona. "Nani amekufukuza?" alisema. "Nionyeshe. Nani?"

"Hakuna aliyenifukuza, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona vitu viko nje?"

"Ingia wewe kwanza. Chagua pa kukaa. Sisi tutaingia baadaye."

Nilimwona alipoelewa. Alitazama vile vyombo kimoja kimoja, kitanda, meza, cherehani, kisha akanitazama mimi, na nikaangalia pembeni kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na nilikuwa bado nimekasirika, na mambo hayo mawili kwa pamoja yananiharibu sura.

Nilimshika mkono wa kushoto tukaingia. Nyumba tupu, inanuka saruji mbichi. Alizunguka ukutani akipapasa, chumba hiki, chumba kile. Sebuleni kulikuwa na dirisha moja kubwa, na mwanga wa mchana uliingia wote. Alisimama pale kitambo. Dereva alikuwa ameshaleta kiti, akauliza akiweke wapi. Niliweka roho yangu tayari.

"Kule," Hakimu alisema, akanyoosha fimbo kwenye kona ya nyuma ya mlango, penye giza. "Hapa dirishani ni pa cherehani."

Alikaa. Nje watoto walianza kuinua godoro, lakini mama yao aliwazuia. Akaja yeye mwenyewe mpaka kizingitini kwake, mbele ya mlango aliojenga kwa maandazi, akasimama.

"Hodi," alisema.

Hakimu alifungua kinywa, ulimi ukagoma. Akajaribu tena. Sote tulingoja, na majirani barabarani.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu. Pita na viatu vyako."